Tumbo limevurugika baada ya antibiotiki: lirudishe kwa chungu cha nyumbani

Mwaka jana jino lilinisumbua, nikameza amoksilini na metronidazo siku tano. Wiki mbili hazijapita nikashikwa na homa. Zahanati moja ya mtaani ikanitoa damu kidogo, ikaniambia ni taifodi, nikaondoka na siprofloksasini ya siku saba. Homa ilikwisha. Tumbo ndilo likafungua kesi: leo choo laini kama uji, kesho hakuna kitu kabisa, na kila jioni gesi mpaka suruali haifungi.

Washauri hawakukosekana. Jirani alitaka ninywe haluli "nisafishe kila kitu". Mpwa wangu akaniulizia vidonge vya probiotiki, yaani bakteria hai wa kumeza, akarudi na bei ya gunia la mkaa. Mimi nikampigia shangazi, yuko Songea.

"Mwanangu, tangu umeze madawa hayo, tumbo umelilisha nini?"

"Chai na mkate, shangazi. Na chipsi mara moja moja."

"Ehee. Sasa unalilaumu nini?"

Swali lake ndilo lililonipeleka kusoma, na kisha jikoni. Ninayoyaandika hapa ni kwa mtu mzima aliyemaliza dozi, ugonjwa ukaisha, ila tumbo halijatulia. Kama hali yako si hiyo, soma hatua ya kwanza halafu uende hospitali.

Hatua ya kwanza: hakikisha si ugonjwa

Usianze kuchachusha uji wakati unatoka damu. Nenda ukaonwe kama choo kina damu au ni cheusi kama lami, kama una homa, kama unatapika kila kinachoingia, kama unapungua uzito bila kukusudia, au kama maumivu yanakuamsha usiku. Kuna jambo moja linalowahusu hasa waliotumia antibiotiki: kuharisha majimaji mara nyingi kwa siku, wakati wa dozi au wiki kadhaa baada yake. Kunaweza kuletwa na bakteria aitwaye *Clostridioides difficile*, ambaye hupata nafasi wenzake wanapouawa. Huyo hatibiwi kwa mtindi. Usinunue dawa ya kufunga tumbo dukani, mwambie daktari ulimeza nini na lini.

Mtoto mdogo anayeharisha ana njia yake: ORS, vidonge vya zinki, aendelee kunyonya au kula, na apelekwe kituoni mapema. Soma pakiti ya ORS kabla ya kuchanganya, kwa sababu nyingine ni za lita 1 na nyingine ni za nusu lita, na kukosea kipimo si jambo dogo.

Na kama tatizo lako ni kiungulia na maumivu ya chembe ya moyo, usijitangazie vidonda vya tumbo. Omba upimwe bakteria wa vidonda, *H. pylori*, kwa choo au kwa pumzi. Tiba yake yenyewe ni antibiotiki mbili au zaidi kwa pamoja. Ukiimeza kwa kubahatisha, umelibomoa tumbo bure.

Kuhusu taifodi yangu, nilikuja kujua baadaye kwamba kile kipimo cha Widal kinachotumika sana kwetu hudanganya mara nyingi, hasa kikifanywa mara moja tu kwa mtu anayeishi sehemu yenye maambukizi mengi. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara. Huenda sikuwa na taifodi. Dozi lakini nilishaimeza.

Hatua ya pili: jua unamlisha nani

Mtu mzima mmoja anakadiriwa kubeba bakteria trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli za mwili wake mwenyewe. Ukiwapima wote kwa mizani hawazidi sana gramu 200, na karibu wote wanaishi utumbo mpana. Wanakula kile ambacho sisi tumeshindwa kusaga, yaani nyuzinyuzi za mboga, maganda ya nafaka na wanga mgumu wa maharage. Wataalamu wa lishe huviita makapimlo. Bakteria huyachachua na kutoa asidi za aina mbalimbali. Mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotandika ukuta wa utumbo huo.

Sasa utaona kosa langu. Chai ya sukari na mkate mweupe humalizwa juu, kwenye utumbo mwembamba. Kule chini hakifiki kitu.

Antibiotiki nayo haiulizi nani mwenyeji, nani mhalifu. Ni kama bomoabomoa: tingatinga likishapita, wa kwanza kurudi ni wenye vibanda vya haraka haraka, wakati wenye nyumba huchukua muda. Kwa watu wengi wakazi wengi hurejea ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache, ingawa aina chache zinaweza zisirudi kabisa. Kazi yako katika kipindi hicho ni kuhakikisha wanaorudi wanakuta chakula.

Hatua ya tatu: siku nne za upole

Hapa wengi huharibu. Mtu anasikia makapimlo ni mazuri, anakula bakuli la maharage siku hiyo hiyo, usiku analala ameketi. Tumbo lililovurugika lianze na vyakula laini: uji wa ulezi usio na sukari nyingi, wali, viazi vya kuchemsha, ndizi mbivu, supu ya kuku au samaki, karoti na maboga yaliyoiva sana. Maziwa yasiyogandishwa, hata ya kuchemsha, yaweke kando, kwa sababu baada ya kuharisha hata aliyezoea maziwa anaweza kukosa kwa muda kimeng'enya cha kusaga sukari yake. Kunywa maji. Pombe iache, na kama metronidazo bado iko mwilini, shauri la kawaida la madaktari ni kutokunywa pombe mpaka saa 48 zipite tangu kidonge cha mwisho.

Anza pia kuandika. Daftari la shule linatosha: umekula nini, choo mara ngapi, kikoje, gesi ikoje. Daftari langu lilinifundisha kwamba kilichonijaza gesi kila jioni hakikuwa maharage niliyoyalaumu, ni soda ya saa kumi.

Hatua ya nne: rudisha makapimlo, kidogo kidogo

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapimlo kwa siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Gramu 25 si nyingi ukijua zilipo. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15. Nusu ya parachichi kubwa ina kama 6. Mapera mawili ya wastani yanakupa karibu hizo hizo, ukila na mbegu zake. Kwa mkate mweupe ungehitaji mkate mzima au zaidi ili ufikishe 25.

Anza na vijiko vitatu vya maharage, choroko au kunde kwa siku, ukae hapo siku tatu. Gesi ikivumilika, ongeza viwili. Nilifika kikombe kizima wiki ya tatu. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji yale, uchemshe kwa maji mapya. Sehemu ya sukari zinazoleta gesi hutoka na maji ya kwanza. Na usiyalainishe kwa magadi, maana magadi huua vitamini B1. Choroko zilizokobolewa ndizo rahisi kwa tumbo, maharage makubwa mekundu yasubiri.

Badili sembe kwa dona, ila dona la mahindi unayoyaamini. Mahindi yaliyovunwa na unyevu huota ukungu wa sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kupika. Mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua Dodoma na Manyara. Chagua punje kavu, tupa zenye ukungu au rangi ya ajabu, kisha ndipo upeleke mashine.

Mboga za majani zibadilishe: leo matembele, kesho mnafu, keshokutwa mlenda au kisamvu kilichopikwa sawasawa. Kila aina ya bakteria ina upendeleo wake, kwa hiyo sahani ya aina nyingi hulisha wengi. Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda na kuokota chakula cha porini karibu na Ziwa Eyasi, ndio mfano unaotajwa sana. Watafiti walipochunguza vinyesi vyao, na matokeo kutolewa mwaka 2014, walikuta bakteria wa aina nyingi kuliko kwa Waitaliano waliolinganishwa nao. Utafiti wa mwaka 2017 ukaonyesha kwamba baadhi ya bakteria wao hupungua msimu mmoja na kurudi mwingine, kadiri chakula cha porini kinavyobadilika. Hilo la kurudi ndilo lililonipa moyo. Sitakuambia ule kama Mhadzabe, mizizi yenyewe huijui na mimi siijui. Ubuyu wao lakini unauzwa kila soko. Nunua ule mweupe wa unga au wa mbegu, usiopakwa rangi na sukari. Ule mwekundu wa Zanzibar naupenda sana, ila ni peremende.

Kisha kuna viporo. Wanga uliopikwa ukapoa hugeuka sehemu yake kuwa wanga sugu, usiosagika juu, unaofika chini kwa bakteria. Makande ya jana, viazi vilivyopoa, ugali wa kiporo asubuhi: vyote vinasaidia, hata ukivipasha tena. Wali una sharti lake. Usiuache jikoni usiku kucha, kwa sababu bakteria wa wali huacha sumu isiyoondoka kwa kupasha. Uingie friji ndani ya saa moja au mbili, na upashwe mara moja tu hadi ufuke moshi. Kama huna friji, pika wali wa kutosha mlo mmoja.

Aliyelitangaza jambo hili la makapimlo duniani alilianzia kwetu. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda miaka mingi, akashangaa magonjwa fulani ya utumbo aliyoyaona Uingereza hayaonekani hospitali ya Mulago, Kampala. Baadaye yeye na wenzake wakaanza kupima vinyesi, kwa uzito na kwa muda wa safari. Vya wanavijiji wa Afrika vilikuwa vizito zaidi na vilisafiri haraka zaidi kuliko vya Waingereza. Kazi ya ajabu kwa daktari, lakini yenye jibu.

Hatua ya tano: togwa, mtindi na jamaa zao

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipopona, au angalau ndipo nilipoanza kusikia tofauti.

Togwa ya shangazi inaanza na kimea. Osha ulezi kilo moja, uloweke usiku kucha, uchuje, uutandaze juu ya gunia safi, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu. Unyunyizie maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu utaona umechipua. Uanike juani ukauke kabisa, usage. Ukiwa huna subira, kimea kinapatikana sokoni, ila ninakinusa kwanza: kikinuka uvundo ninakiacha.

Pika uji mzito wa dona, nusu kilo ya unga kwa lita tatu za maji, uive sawasawa, nusu saa hivi. Uache upoe mpaka kidole kikae ndani bila kuungua. Hapo ndipo wengi hukosea: ukitia kimea uji ungali wa moto, vimeng'enya vyake hufa na togwa haitokei. Tia vijiko vikubwa vitano vya kimea, koroga. Ndani ya nusu saa utaona uji ule mzito umelegea wenyewe, utadhani umeongezewa maji. Kimea kimeuvunja wanga kuwa sukari. Ongeza kikombe cha togwa ya jana kama ipo, funika, weka sehemu yenye joto. Baada ya saa 12 ni tamu yenye uchachu kidogo. Ikifika saa 24 imechachuka. Mimi naipenda kama ya saa 18.

Kimea hakipikwi, kwa hiyo usafi wa mikono, maji na chombo ndio kila kitu. Togwa yenye ukungu, utelezi au harufu mbaya ni ya kumwaga. Kwenye friji ikae siku mbili au tatu. Bila friji, inywe siku hiyo hiyo. Ukizidi kuiacha inaelekea kuwa pombe, na hiyo ni sherehe nyingine.

Ina kazi kweli? Miaka ya 1990 watafiti hapa Tanzania waliwapa watoto wa chini ya miaka mitano togwa kila siku, wakawalinganisha na waliopewa uji usiochachuliwa. Waliokunywa togwa walikutwa na bakteria wachache zaidi wa maradhi ya tumbo kwenye vinyesi vyao. Utafiti wa karibuni zaidi, uliotolewa mwaka 2025, ulifanyika Kilimanjaro kwa wanaume 77. Wa kijijini walibadilishiwa chakula wakala cha kimagharibi wiki mbili, baadhi ya wa mjini wakala cha kienyeji, na wengine wa mjini wakanywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, wiki moja. Waliokwenda kwenye chakula cha kimagharibi, dalili za kinga ya mwili kuchochewa zilipanda kwenye damu. Waliokula kienyeji au kunywa mbege, zilishuka, na sehemu ya mabadiliko hayo ilionekana hata wiki nne baadaye. Hiyo haimaanishi ukimbilie mbege, ina kilevi, nawe unauguza tumbo. Ndizi, maharage na mboga za mlimani unaweza kuvipata bila kilevi.

Mtindi ni njia fupi. Chemsha maziwa kwanza, maana maziwa mabichi hubeba brusela na hata kifua kikuu. Yakipoa na kubaki vuguvugu, tia vijiko viwili vya mtindi mzuri, funika usiku kucha. Bakteria hula sehemu ya sukari ya maziwa, ndiyo maana wengi wanaoharishwa na maziwa huuweza mtindi. Wakenya wana mala, Wanyarwanda wana ikivuguto. Wa dukani soma kopo: usiwe na sukari nyingi, na usiwe umepashwa moto baada ya kugandishwa, kwani bakteria wake wameshakufa. Achari ya siki nayo ni kitoweo kitamu, lakini usiihesabu hapa.

Nusu kikombe kwa siku, wiki ya kwanza. Kisha kikombe kimoja au viwili. Mwenye kinga dhaifu sana, kama anayetibiwa saratani, amuulize daktari wake kabla ya vitu hivi vyenye bakteria hai.

Vidonge vya probiotiki je?

Sikununua. Kuna ushahidi kwamba baadhi yake, vikitumiwa *wakati wa* dozi, hupunguza kuharisha. Lakini kwa kurudisha wakazi wa zamani *baada ya* dozi, utafiti mmoja wa Israel uliotolewa mwaka 2018 ulikuta kinyume: waliomeza probiotiki walichelewa kurudi kwenye hali yao kuliko walioachwa bila kitu. Ni utafiti wa watu wachache, usiufanye msahafu. Kwa bei ile, hata hivyo, mimi nilinunua maharage.

Hatua ya sita: acha kusafisha

Haluli, sanamaki, chai za "kutoa sumu", mipira ya kuingiza maji utumboni. Sanamaki ni dawa ya kweli ya kufungua choo na ina mahali pake, lakini kuinywa kila wiki kwa ajili ya usafi ni kuwafukuza wageni uliowaita juzi. Choo kikiwa kigumu, jaribu kwanza maji, papai, ukwaju na matembezi ya nusu saa baada ya chakula cha jioni. Usingizi nao usiudharau.

Chunguza pia kabati la dawa. Omeprazo ya muda mrefu hubadilisha bakteria wa tumbo, na diklofenaki huchubua utando wake. Usiache dawa uliyoandikiwa bila kuongea na aliyekuandikia, ila ile uliyojiandikia mwenyewe unaijua.

Hatua ya saba: dozi ijayo

Itakuja, maana antibiotiki huokoa maisha na siku nyingine utaihitaji kweli. Nilipopata mafua mwezi uliofuata nilisimama dirisha la duka la dawa kwa mazoea.

"Dada, nipe amoksilini."

"Dozi nzima au nusu, kaka?"

Swali hilo la nusu ndilo lililonizindua. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haiwagusi. Nikachukua parasetamo. Siku utakapoandikiwa kweli, muulize daktari mambo matatu: ni bakteria gani tunamtibu, kuna kipimo cha kuthibitisha, na ni siku ngapi hasa. Kisha umeze kama ulivyoelekezwa, na kimea kiwe kinaanikwa nje kabla dozi haijaisha.

Daftari langu linasema choo kilitulia siku ya 19, na gesi ilichukua mwezi na zaidi. Lako litakuwa na tarehe zake. Likifika wiki ya sita bila nafuu, lichukue hilo daftari kama lilivyo, na madoa yake ya togwa, umpelekee daktari.